Naomba ushauri: uso wa duara, harusi wiki mbili zijazo, nisuke mtindo gani?

Tulizo: Wadau habari zenu. Nisaidieni, usingizi umenipaa. Mdogo wangu anaolewa wiki mbili zijazo na mimi ndiye msimamizi wake, kwa hiyo kila picha atakayopigwa na mimi nimo. Uso wangu ni wa duara, mashavu yamejaa, paji fupi. Nipo kati ya mitindo mitatu: rasta zisizo na fundo mpaka kiunoni, twende kilioni ya kupanda juu ibanwe utosini, au nikate tu. Nywele zangu ni nzito, hazina shida yoyote. Nataka kujua kipi kitanipendeza, basi.

Kipilipili Halisi: Kwanza hakikisha kweli ni duara, maana wengi tunajidanganya. Bana nywele zote nyuma, simama karibu na kioo, funga jicho moja, chukua kipande cha sabuni uchore mpaka wa uso wako palepale kwenye kioo. Urefu na upana vikikaribiana na taya halina kona, hilo ni duara. Hapo unachotafuta ni kimo: shungi la utosini, au njia ya pembeni badala ya katikati. Kimbia panki nzito iliyonyooka, na kimbia mkato unaoishia usawa wa kidevu, utaongeza mashavu. Kura yangu ni twende kilioni ya kupanda juu.

Mzee Kifimbo: Binti yangu, mwanamke anapambwa na tabia. Mke wangu nilimkuta amesuka kwa uzi mweusi, mistari minane, na mpaka leo sijaona aliyempita. Siku hizi mnabeba kichwani mzigo ambao hata punda angelalamika.

Mama Wawili: Shikamoo mzee. Mimi nywele nilijifunzia kwenye uzazi. Mwanangu wa pili alipofikisha miezi mitatu, kila nikichana zinatoka kwa mafungu, mto umejaa nywele. Nililia nikijua nimerogwa. Kumbe wakati wa mimba nywele nyingi huacha kudondoka, ukishajifungua zinadondoka zile zote zilizokuwa zinasubiri. Alipotimiza mwaka zilikuwa zimerudi. Kwa hiyo dada suka unachotaka, nywele hurudi.

Msusi wa Zamani: Si zote zinazorudi, Mama Wawili. Tulizo, nimeshika vichwa vya watu miaka 14, naomba nikuulize jambo. Mtu mwenye nywele nzito zisizo na shida haweki "nikate tu" kwenye orodha ya harusi. Hapo mbele na kwenye panja pakoje? Na kilichopo kichwani sasa hivi umekisuka lini?

Tulizo: Jamani mbona kama nahojiwa? Panja pamepungua kidogo kama kwa kila mtu. Mimi nimeuliza kuhusu mtindo.

Msusi wa Zamani: Kidogo ni vidole vingapi?

Tulizo: Haya. Viwili kila upande, wa kushoto vinakaribia vitatu. Nina rasta za mwezi wa tatu huu. Kama siku tatu hivi kabla ya kuzisuka niliritachi, yaani nilipaka dawa ya kulainisha nywele. Kuna vipele kwenye mstari wa mbele, baadhi vina usaha, nikilala chali vinauma. Lakini nywele za rasta nimeshanunua, msusi nimeshampa kishika nafasi, na mdogo wangu ametaka sisi wote tufanane. Tena hizi hazina fundo, kwa hiyo hazivuti. Ndiyo maana nilizichagua.

Msusi wa Zamani: Asante kwa kusema. Sasa tulia usome mpaka mwisho.

Kukosa fundo kunapunguza kuvuta pale mwanzoni, ni kweli. Uzito haupungui. Rasta ya kiunoni inaning'inia kwenye zile nywele chache ulizoikamatishia, mchana na usiku, na za panja ndizo nyembamba kuliko zote. Dawa nayo imeshakata vile viungo vinavyoupa unywele nguvu, na haviungi tena, mpaka uote mpya. Ukiritachi kisha ukasuka ndani ya wiki hiyohiyo, umepiga mara mbili palepale. Vipele hivyo ni ngozi inayovutwa kwenye mizizi ya nywele.

Na msiseme ni ugonjwa wa rasta. Kung'oka kwa kuvutwa kuliandikwa tangu 1907 kwa wanawake wa Greenland waliokuwa wakibana nywele mkia mmoja wa kukaza. Hata shungi la Kipilipili, likikazwa mpaka nyusi zinapanda, ni lilelile.

Habari njema: ukiwahi, zinarudi. Ukichelewa, tundu la unywele linageuka kovu, na hapo hakuna mafuta wala dua ya saluni. Wiki mbili hazitoshi kuotesha chochote. Nywele hukua kama sentimita moja na kidogo kwa mwezi.

Mpekuzi: Wakuu mnakunywa chai ya moto hivyo bila hata kupuliza? Rudini juu msome: "nywele zangu ni nzito, hazina shida yoyote." Ameulizwa mara mbili, tayari ana vipele, usaha, panja vidole vitatu. Nawaambia mapema, ukurasa ujao anatokea mtu na chupa ya mafuta ya maajabu, na Tulizo ndiye wa kwanza kushukuru.

Kipilipili Halisi: Hata mimi nimeshtuka kidogo. Nimechoresha mtu sabuni kwenye kioo, kumbe tatizo halipo usoni. Na hizo rasta za miezi mitatu alikuwa anazibana vipi apime uso?

Mpekuzi: Umeona eh. Na Msusi naye anajua mno kama aliyepangwa.

Mama Wawili: Hata kama ni chai, Mpekuzi, mimi nimetoka kujipima kwa vidole sasa hivi mbele ya kioo cha bafuni. Kidole kimoja na nusu. Sikuwahi kuangalia. Acheni uzi uendelee.

Tulizo: Sina chupa ya mafuta. Nilificha kwa sababu hata nyumbani nimeficha. Kila asubuhi nachukua brashi ya zamani ya meno, naichovya kwenye wanja wa unga, napaka panja mpaka paonekane kama pana nywele. Mume wangu anajua tu kwamba nachelewa bafuni. Juzi nimemkumbatia mdogo wangu akiwa anajaribu gauni, nikaacha doa jeusi begani. Lile gauni jeupe. Tulilisugua wote wawili, akadhani ni wanja wa macho. Kama hiyo ni chai, Mpekuzi, njoo uinywe wewe.

Mpekuzi: Dada samahani. Nimekosa.

Mzee Kifimbo: Binti, na mimi samahani. Nilikuhubiria nikidhani ni mambo ya urembo. Mwambie mdogo wako. Harusi si yake peke yake, na wewe ni dada yake.

Kipilipili Halisi: Shungi langu nalifuta. Turudi kwenye uso basi. Mkato mfupi, pembeni chini na juu paachwe kimo, ni rafiki mkubwa wa uso wa duara. Unafanya kazi ileile ya shungi bila kuvuta kitu. Hereni ndefu nyembamba zimalizie.

Tulizo: Na wigi je? Au nisuke zilezile ila fupi, kwa siku moja tu kisha nifumue?

Msusi wa Zamani: Siku moja juu ya vipele vyenye usaha, hapana. Wigi sawa, bila gundi, bila kukaza mpira, ndani kofia laini ya satini, na uivue ukirudi. Lakini fumua kwanza hizo, leo, taratibu, kwa kitana cha meno mapana, na vipele akavione daktari wa ngozi ndani ya wiki hii. Ukimaliza, angalia mbele ya lile eneo tupu. Ukikuta bado kuna vinywele vyembamba vimebaki kwenye mstari wa zamani, ndiyo alama ya nywele zilizovutwa. Ukimwambia daktari hivyo atakuelewa upesi.

Tulizo: Nimefumua upande wa kulia, saa mbili nzima. Vinywele vipo, kama manyoya ya kifaranga, nimevipitishia kidole. Mdogo wangu nimempigia simu. Kwanza alinyamaza, kisha akauliza lile doa. Nikamwambia. Rasta nilizonunua atazisuka yeye, na kishika nafasi changu kihamie kwake. Mimi nakata. Niwaambie juu wabakize kiasi gani?

Msusi wa Zamani: Sentimita nne juu, pembeni zishuke polepole kuelekea masikio. Na kabla hujakaa kwenye kiti mwambie kinyozi asikuchonge mstari wa mbele kwa wembe. Hapo panja apaache kama palivyo.

Tulizo: Sawa dada. Nafumua wa kushoto sasa.