Gredi ya 6 wanaenda Soysambu, nianzie wapi?

mwalimu_wa_town
Habarini wadau. Mwezi ujao nawapeleka watoto wa gredi ya 6 Soysambu, ile ranchi ya kina Delamere pale ziwa Elmenteita. Wengi wamezaliwa Nakuru mjini na twiga wamemwona kwa kitabu tu. Mkuu wetu anataka sayansi na historia zote siku moja, mimi nami sitaki wakae kwa basi wakinakili maneno ya mwongoza watalii halafu turudi. Nianzie wapi?

njoro_kwetu
Mwalimu anza Kariandusi, pale penye zana za mawe za watu wa kale, iko njiani tu, mfike asubuhi kabla jua halijawa kali. Louis Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, alianza kuchimba hapo miaka ya 1920 na zile shoka za mawe zimeachwa palepale chini, zingine za lava, zingine za obsidiani, lile jiwe jeusi linalong'aa kama chupa. Usiwaambie ni nini, waache waone makali yalivyochongwa wabishane zilikuwa za kazi gani, hapo ndio utasikia akili za watoto! Alafu waonyeshe ule udongo mweupe, diatomaiti, ni maganda ya vijimea vidogo sana vya majini, mtoto anajua mwenyewe ziwa lilikuwa linafika mpaka huku juu. Ila waambie mapema, jiwe haliokotwi.

mama_leleshwa
Ziwani waulize hivi: mbona wale ndege wari (pelican) wanataga Elmenteita na samaki wanaenda kuvua ziwa Nakuru? Wape muda, kuna mmoja ataona vile visiwa vya mawe na aseme fisi hawezi kufika kwa mayai. Flamingo wanakula mwani na ile rangi yao inatoka kwa hicho chakula. Twiga wa pale ni wale wa aina ya Rothschild, kuanzia goti kushuka mguu ni mweupe hauna madoa, usiwaambie, sema tu watafute tofauti na picha ya kitabuni. Na wasugue jani la leleshwa wanuse, morani walikuwa wanaliweka kwapani wanukie vizuri.

kijana_wa_gilgil
Ya wanyama sawa kabisa, lakini naomba historia isianzie kwa Delamere, yule mlowezi Mwingereza. Watoto wanaambiwa Lord alikuja na kondoo na ng'ombe, akafa 1931 akazikwa hapo, basi imeisha. Hiyo nyasi ilikuwa ya Wamaasai. Mkataba wa 1904 na Waingereza uliwatoa huku Bonde la Ufa, wengine Laikipia wengine kusini, na uliandikwa utadumu maadamu Wamaasai wapo, miaka saba tu baadaye, 1911, wakatolewa Laikipia pia, wakaenda kortini na 1913 kesi ikatupwa. Mtoto wa miaka 12 anaelewa hayo vizuri sana. Na mwalimu usitenganishe hayo mambo mawili, huyo twiga ana nafasi leo kwa sababu shamba halikukatwa ploti, na shamba likawa kubwa hivyo kwa sababu wenyewe walihamishwa. Waulize ni nani alipata na nani alikosa, uwaache wajibu.

mwalimu_wa_town
Asanteni sana, hii ya mwisho imenigusa kweli. Basi Kariandusi asubuhi, ziwani mchana, twiga jioni jioni tukitoka. Na wiki moja kabla nitamwomba mzazi wetu mmoja Mmaasai alete babu yake darasani aongee nao, ili wakifika pale wawe tayari na maswali yao. Kuna mtu anajua kivuli kizuri cha kulia chakula, watoto 40?

mama_leleshwa
Kuleni Kariandusi kabla hamjatoka, ukiingia kwa ranchi chakula kifungwe kabisa, nyani wa huko hawaogopi watoto.