Bunduki ya upepo kwa panya wa bandani: .177 au .22?

BintiPangani
Habari za jioni wakuu. Mimi na mume wangu tumekodi shamba dogo karibu na Spalding, Lincolnshire: kabichi, vitunguu, na banda la kuku 14. Tangu Oktoba panya wametuvamia. Ni wakubwa kama panya buku wa kwetu Tanga. Wanachimba chini ya banda, wanabeba mayai, na wiki iliyopita wameua vifaranga 5. Sumu sitaki, maana kwenye ghala la jirani kuna bundi, na bundi akila panya mwenye sumu naye anaweza kufa. Mitego wameshaizoea.

Mwenye shamba ametuandikia ruhusa ya kuwapiga kwa bunduki ya upepo. Dukani kuna za vipimo viwili vya risasi, .177 (nyembamba) na .22 (nene). Muuzaji kaniambia .22 ndiyo ya kuwindia, .177 ni ya kutobolea makaratasi. Jirani kaniambia kinyume chake. Nitapiga kutoka dirisha la stoo, mita 12 mpaka 18, jioni, kwa taa. Sijawahi kushika bunduki, nina kilo 54, na bega la kulia liliwahi kuteguka. Ninunue ipi?

Mkaazi_Leeds
.22 dada. Tundu kubwa, panya chini. Usijisumbue.

MzeeWaShabaha
Dada, pole na vifaranga. Nina miaka 11 kwenye klabu ya shabaha hapa Leicestershire, na kabla ya hapo nilipiga panya miaka mitatu kwenye zizi la ng'ombe la rafiki yangu. Naomba nisikujibu kwa neno moja.

Hapa England bunduki ya upepo isiyohitaji cheti cha kumiliki, nguvu yake haizidi futi-pauni 12, kama jouli 16 hivi, na kikomo hicho ni kilekile kwa .177 na .22. Nguvu ni moja, mwendo ndio tofauti. Risasi ya .177, yaani milimita 4.5, ina kama nusu gramu na hutoka mtutuni kwa mita 240 hivi kwa sekunde. Ya .22, milimita 5.5, ina kama gramu moja na hutoka kwa mita 170 na ushei. Nyepesi hunyooka, nzito hudondoka mapema. Nikiseti darubini kwa mita 30 kisha nikalenga mita 40 bila kurekebisha, .177 yangu hushuka kama sentimita 4, .22 kama 7. Ndiyo maana sisi wa shabaha karibu wote tunashika .177, na kwenye Olimpiki, mita 10, ni .177 tu.

Lakini wewe hupigi mita 40. Kwa mita 12 hadi 18 tofauti hiyo utaifunika kwa ukucha. Ugomvi wa muuzaji na jirani yako haukuhusu. Yanayokuhusu ni mawili: nyuma ya panya kuna nini, na bega lako.

.177 kwa karibu namna hiyo hupenya kichwa cha panya na kuendelea na safari. Zizini sakafu ilikuwa ya zege. Usiku mmoja risasi ilimtoboa panya, ikagonga zege, ikarudi na kupasua taa iliyoning'inia karibu na kichwa changu. Kesho yake nilihamia .22, ambayo mara nyingi hubaki mwilini, na nikapanga magunia ya mchanga nyuma ya pale nilipotia chambo. Fanya hivyo hata ukiwa na .22. Na mbao za banda usizihesabu kuwa ukuta, kuku wamelala ndani.

Sasa bega. Bunduki ya springi, ambayo springi ndiyo inayosukuma hewa, kwa kawaida unaikoki kwa kukunja mtutu, kila risasi. TX200 watakusifia, na kweli ni bunduki nzuri, ila hiyo unaikoki kwa mkono wa chini ya mtutu na ina zaidi ya kilo 4 kabla ya darubini. Omba HW99S, ina kama kilo 3, uikoki mara 20 mfululizo palepale dukani. Bega likilalamika, achana na springi, chukua inayojazwa hewa kabla. Hiyo haikurushi bega, lakini pampu yake ya mkono itakumaliza bega hilohilo, kwa hiyo hesabu na bei ya mtungi wa kuijazia hewa, kama wa wapiga mbizi.

Ukichukua springi, usiikabe. Ilaze juu ya kiganja cha kushoto kilicho wazi, kama unavyobeba sinia la chai. Ukiibana, kila risasi itakwenda kwake.

Kwa hiyo .22, risasi za kichwa cha duara. Na nakuomba sana: usimlenge panya mpaka risasi 10 ziingie kwenye ukubwa wa sarafu ya peni 2 kwa mita 18. Panya aliyejeruhiwa huingia shimoni akafa kwa siku mbili.

Nuru_Glasgow
Wanaosoma wakiwa Scotland: huku cheti ni lazima hata kwa bunduki hizi, tangu 31 Desemba 2016. Na BintiPangani, kama una watoto, ifungie. Sheria ya huko kwenu inakutaka uhakikishe aliye chini ya miaka 18 haifikii.

BintiPangani
Mzee, shikamoo, na asante. Mwanangu ana miaka 9, tumenunua kabati la chuma na ufunguo nakaa nao shingoni.

Nilikoki HW99S mara 20. Bega lilianza kusema kwenye ya 17, muuzaji akanitazama tu. Nimeichukua, .22. Wiki tatu nimetoboa makaratasi, kwanza nikiibana, risasi zikatawanyika upana wa sahani. Siku niliyokumbuka sinia, 8 kati ya 10 ziliingia kwenye sarafu. Panya bado sijamgusa. Magunia 6 ya mchanga yapo tayari nyuma ya ndoo ya chambo.

Nimejaribu kukaa nao tu, bila risasi. Nikiwasha taa nyeupe wanakimbia wote. Nyekundu wanaivumilia?

MzeeWaShabaha
Marahaba mwanangu. Nyekundu, na iwe hafifu. Iwashe jioni nne au tano bila kupiga, waache wale chambo chini yake mpaka waizoee. Na wewe umalizie hizo mbili zilizobaki.