Walowezi waliacha nini Tanga zaidi ya majengo?

BintiChumbageni: Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Niko mwaka wa 3 chuo, nasoma historia. Mada yangu ni makazi ya walowezi na athari zake kwa Tanzania ya leo, nikachagua Tanga kwa kuwa ni nyumbani. Nimeandika Boma (ofisi ya utawala wa Wajerumani), jengo lao la hospitali pale Bombo, mnara wa saa, shule. Msimamizi kanirudishia, eti hiki ni kijitabu cha watalii. Nianzie wapi?

MzeeBarabaraYa9: Marahaba mwanangu. Msimamizi wako kasema kweli. Mwaka 1913 Wazungu wa koloni zima hawakufika 6,000. Ukiwafuata hao utaishia kwenye kuta tu. Wafuate walioletwa kuwafanyia kazi.

Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, alileta mkonge mwaka 1893, miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Mwaka huohuo reli ikaanza kujengwa hapa Tanga. Korogwe ilifika 1902, Moshi 1911. Mkonge unataka watu wengi, na Wabondei na Wasambaa walikuwa na mashamba yao, wamkatie Mzungu mkonge mwaka mzima kwa lipi? Ndipo wakasombwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka bara. Waingereza walipochukua nchi waliyanadi mashamba ya Wajerumani, Wagiriki na Wahindi wakanunua. Kambi zikabaki zilezile.

Baba yangu alitoka Kigoma, mimi nimezaliwa kambini upande wa Korogwe. Kipande, yaani kadi ya kazi, kilikuwa cha siku 30, na siku haiandikwi mpaka umalize kazi uliyopangiwa. Mzigo mmoja majani 30, miiba ya ncha umeshaikata. Nyapara akikuta majani 28 anaukataa mzigo mzima, jua linazama. Korona, mashine ya kusindika majani ya mkonge, ikizimwa ndiyo unasikia kambi: Waha huku, Wabena kule, Wamakonde mwisho kabisa na ngoma zao. Sisi watoto tulicheza wote, Kiha kikabaki cha mama jikoni. Leo wakwe zangu ni Wazigua na Wadigo. Anayesema umoja wetu ulianza 1961 hajakaa kambini. (Wanasiasa hili hawaligusi, sijui wanaona haya gani.)

KijanaMuheza: Heshima yako mzee, ila usiwapambe wenye mashamba. Ardhi je? Kijiji chetu kimezungukwa na shamba tangu enzi za bibi. Likataifishwa, likabinafsishwa, mipaka haikusogea hata hatua. Ndani pori tupu, nje ndugu wanagombea ekari moja ya mihogo. Andika hilo, dada.

MzeeBarabaraYa9: Sijampamba mtu, kijana. Baba alikufa na kikohozi cha vumbi la brashi, mashine ya kusugua nyuzi za mkonge. Ardhi ndiyo iwe sura ya kwanza, nakubali, manamba ya pili. Na binti, tazama ramani ya mji: reli imepita katikati, Wazungu upande wa bahari hadi Raskazone, sisi Ngamiani kwenye barabara za namba. Hata leo bei za viwanja zinafuata mstari uleule.

BintiChumbageni: Asanteni sana. Vipande vyenyewe nitaviona wapi?

MzeeBarabaraYa9: Picha za zamani ziko makumbusho ya Urithi, pale Boma la zamani. Vipande waulize wazee wa Makorora, wengine wanavyo sandukuni. Nenda baada ya alasiri, na usiende mikono mitupu. Sukari kilo moja inatosha.