Jumamosi tuonyeshe mechi gani?

Kikundi: MAJIRANI WA SOFIA, BUSIA (UG)
Alhamisi jioni

Ismail Kibanda: Assalamu alaikum na habari za jioni majirani. Ligi za Ulaya zimefunga, kibanda kimekauka, hata panya wamehama. Jumamosi saa moja usiku nataka kuweka mechi moja ya zamani ya timu za taifa, nzima, toka filimbi ya kwanza. Tajeni mechi. Kiingilio elfu moja, watoto mia tano.

Boda Okello: Elfu moja kwa mechi ambayo matokeo nayajua?

Ismail Kibanda: Mkeo pia unamjua na bado kila jioni unarudi.

Mama Shamim: 😂😂😂 Ismail utauawa

Shemeji Wafula: Kutoka ng'ambo ya mpaka kura yangu ni Argentina na Uingereza, Kombe la Dunia 1986. Mabao mawili ya Maradona: la kwanza la mwizi, la pili la malaika.

Mwalimu Odongo: Na katikati yake ni dakika nne tu. La mkono dakika ya 51, lile la kuwapiga chenga wote dakika ya 55. Refa aliyepitwa na ule mkono ni Mwafrika mwenzetu, Ali Bennaceur wa Tunisia. Mpira wa siku ile alikaa nao miaka 36, ukauzwa mnadani Uingereza mwaka 2022 kwa pauni milioni mbili.

Boda Okello: Kumbe kutoona kunalipa!

Mama Shamim: Mbona mnakwenda mbali hivyo? Ghana na Uruguay, 2010.

Hajati Zaituni: Weee, hiyo hapana. Mimi nina presha.

Mama Shamim: Hajati, mimi nilikuwa na mimba ya Shamim, miezi saba. Moja kwa moja, dakika ya 120, mpira unaingia wavuni, Suárez anaudaka kama yeye ndiye kipa. Kadi nyekundu. Penalti. Afrika nzima imesimama, ikiingia tuko nusu fainali. Gyan anapiga, mtambaa panya! Mtoto alipiga teke tumboni, haki ya Mungu.

Shemeji Wafula: Na Suárez alikuwa anatoka analia. Kuona Gyan amekosa, akaruka kama ndama aliyefunguliwa kamba.

Mama Shamim: Mimi lililoniuma si hilo. Zilipofika penalti za kuamua, nani alitangulia kupiga kwa Ghana? Gyan huyo huyo. Akaiweka juu kabisa. Fikiria ule moyo. Halafu wenzake wawili wakakosa, 4-2, tukaenda kulala na njaa.

Ismail Kibanda: Ghana na Uruguay kura moja. Maradona kura moja. Hajati amepinga.

*Mzee Rajabu ametuma ujumbe wa sauti (4:12)*

Mama Shamim: Mzee wangu shikamoo. Sina bando la kufungua sauti. Fatuma, mwandikie babu basi.

Boda Okello: Na mimi niko stejini, boda zinanguruma, sisikii kitu.

Fatuma (mjukuu wa Mzee Rajabu): Haya, naandika kama alivyosema, msinilaumu kwa urefu.

"Marahaba wanangu. Mnataja Amerika kana kwamba Uganda haijawahi kufika popote. Machi 1978. Mimi kijana wa miaka kumi na sita, tunakaa kambini Rubongi, Tororo, baba koplo. Korongo, timu yetu ya taifa, wako Ghana kwenye Kombe la Afrika. Kwenye kundi wakampiga Congo 3-1, wakafungwa na Tunisia 3-1, wakamlamba Morocco 3-0. Na Morocco ndiye aliyekuwa bingwa mtetezi, msisahau hilo. Nusu fainali Nigeria, 2-1. Kambi haikulala. Omondi, Philip Omondi wa KCC, alimaliza na mabao matatu, na hakuna aliyemzidi kwenye mashindano yote. Kapteni Jimmy Kirunda. Kocha Peter Okee.

Fainali tuliisikiliza kwenye redio ya baba, ya mawimbi mafupi, waya tumeufunga juu ya mwembe. Sauti inakuja, inaondoka, kama mtu anayeongea huku anapanda na kushuka kilima. Opoku Afriyie akafunga. Baadaye tena Opoku Afriyie. 2-0. Baba hakusema neno. Alizima redio, akachukua kiwi na brashi, akaanza kupiga buti rangi. Buti alizokuwa amezipiga rangi asubuhi ile ile. Akazipiga mpaka mama akamwita mara tatu.

Ghana waliondoka na kombe lenyewe moja kwa moja, maana lilikuwa la tatu kwao. Mwaka uliofuata vita vikaja, kambi ikatawanyika, ile redio sijui alienda nayo nani."

Mwisho amekohoa na kusema chai imepoa.

Ismail Kibanda: Mzee, heshima yako. Hiyo fainali nimeitafuta mtandaoni, nzima sijaipata.

Mwalimu Odongo: Na baada ya hapo tulikaa miaka 39 bila kuliona Kombe la Afrika, hadi Gabon 2017.

Boda Okello: Siku ya kufuzu nilikuwa Namboole! 4 Septemba 2016, Comoro, bao la Farouk Miya, 1-0. Kiatu kimoja kilibaki uwanjani. Nilirudi Busia na kandambili mbili za kushoto.

Shemeji Wafula: Mbona mnaruka 2011? Oktoba, Namboole, mko nyumbani, mkitufunga Kenya hata bao moja mnakwenda zenu. Mkatoka bila kwa bila 😂 Nilivuka mpaka kuja kuwapa pole, mke wangu akanifungia mlango.

Dada Nekesa (mke wa Wafula): Na leo nitafunga tena.

Hajati Zaituni: Mwaka wa pili yake Zambia wakatutoa hapo hapo Namboole kwa penalti, 9-8. Penalti kumi na saba ziingie ndipo mtu ashindwe! Ni kama kesi ya shamba.

Shemeji Wafula: Hajati, wewe umehesabu vibaya, zilipigwa zaidi ya hizo.

Hajati Zaituni: Zilizokosa mimi sizihesabu.

Shemeji Wafula: Sasa jamani, bila utani. Someni juu mlichoandika. Ghana amefungwa. 1978 mmefungwa. Kenya mmeshindwa kumfunga. Zambia amewatoa. Mnataka kulipa elfu moja mkalie pamoja? Hakuna mechi Mwafrika alishinda?

Mwalimu Odongo: Zipo tele. Senegal na Ufaransa, Seoul, 31 Mei 2002. Ufaransa bingwa wa dunia, mechi ya ufunguzi. Papa Bouba Diop akafunga, akatandika jezi chini karibu na kibendera, wakaizunguka wakicheza. Nigeria, Olimpiki ya 1996, wako nyuma 3-1 kwa Brazil wakashinda 4-3. Lakini kama ni mimi, ningeweka Zambia na Ivory Coast, fainali ya Afrika ya 2012.

Ismail Kibanda: Hiyo ilikuwa bila mabao mwalimu, watu watalala kwenye mabenchi yangu.

Mwalimu Odongo: Isikilize kwanza. Aprili 1993 ndege ya timu ya Zambia ilianguka baharini, imetoka tu kuruka Libreville, Gabon. Watu 30 wote wakafa, wachezaji 18 ndani yake. Kalusha Bwalya alipona kwa sababu alikuwa anachezea klabu ya Uholanzi na angekwenda Senegal kwa njia yake. Miaka 19 baadaye fainali inachezwa wapi? Libreville hiyo hiyo. Kabla ya mechi wachezaji walikwenda ufukweni kuweka maua. Drogba akapaisha penalti ndani ya mechi. Mikwaju ikafika 8-7, wa mwisho Stoppila Sunzu, na wenzake wamepiga magoti wanaimba. Kalusha yupo jukwaani, wakati ule akiwa rais wa shirikisho lao la soka. Wewe lala ukitaka.

Mama Shamim: Mwalimu umenisisimua nywele.

Kato (mtoto wa duka la simu): Mimi nasema tuweke fainali ya 2010, Hispania na Uholanzi. Bao la Iniesta. Iko safi kabisa, naweza kuipakua leo.

Hajati Zaituni: Kato, hiyo acha.

Kato: Kwa nini? Si nzuri?

Hajati Zaituni: Nimesema acha, baba.

*Boda Okello anaandika…*

Boda Okello: Hajati mwache, alikuwa mtoto. Kato, 11 Julai 2010 mimi nilikuwa Kampala, naosha magari Nakawa. Tulikuwa watatu tunalala chumba kimoja. Wenzangu wakaenda Kyadondo, ule uwanja wa raga, kulikuwa na skrini kubwa. Mimi hela ya kiingilio sikuwa nayo, nikaingia kibanda cha Naguru, kama hiki cha Ismail. Mechi ilianza saa tatu na nusu usiku. Dakika tisini zinaelekea kuisha tukasikia kishindo. Mtu akasema ni transfoma. Hatukutoka hata nje. Kisha simu zikaanza kulia, moja, mbili, kibanda kizima, halafu zote zikakataa kupita.

Boda Okello: Mama alikuwa hapa Busia, alipiga usiku kucha. Nilimpata saa kumi na mbili asubuhi kwa simu ya mlinzi wa kituo cha mafuta. Hakuuliza kitu. Aliita jina langu tu, mara tatu.

Boda Okello: Yalikuwa mabomu. Walikufa watu zaidi ya sabini, wale wa Kyadondo na wale wa mkahawa wa Kihabeshi kule Kabalagala. Kwenye chumba chetu alirudi mmoja. Bao la Iniesta ni la dakika ya 116, nalijua kwa kusoma. Likiletwa kwenye runinga mimi huangalia viatu.

Mama Shamim: Mungu awarehemu.

Mzee Rajabu: Amina

Kato: Samahani kaka Okello. Sikujua.

Boda Okello: Hujakosa kitu mdogo wangu.

*Saa 2:47 usiku*

Mama Shamim: Chapati za mwisho ziko kwenye kikaango. Nne. Anayetaka aseme, makaa yanaisha.

Boda Okello: Mbili zangu. Na mayai.

Dada Nekesa: Mbili zetu, Wafula anakuja kuchukua. Leo nimemfungulia.

Hajati Zaituni: Ismail uko?

Ismail Kibanda: Nipo Hajati.

Hajati Zaituni: Weka Cameroon na Uingereza. 1990, Italia.

Shemeji Wafula: Hajati! Hiyo nayo Cameroon alifungwa!

Hajati Zaituni: Subiri nikwambie, we mtoto wa watu. Marehemu mume wangu alikuwa na pikapu, na alikuwa na runinga ya nyeusi na nyeupe, inchi 14. Stima hapa hakuna. Cameroon walipomfunga Argentina ya Maradona siku ya ufunguzi, hatukuona, tulisikia. Basi walipofika robo fainali akaapa lazima tuone. Akatoa betri ya pikapu, akaiweka sebuleni juu ya gunia ili isiniunguzie mkeka. Watu walijaa mpaka dirishani, wengine wako juu ya mabega ya wengine.

Hajati Zaituni: Uingereza wakatangulia. Nyumba kimya. Kipindi cha pili akaingia yule mzee wao, Milla, miaka 38, umri wa watu wanaoumwa mgongo. Akaangushwa, penalti, Kundé akafunga. Kabla hatujakaa, Milla huyo akampenyezea Ekéké, la pili! Kikombe changu cha maua kilivunjwa hapo, mpaka leo aliyekivunja hajasema.

Ismail Kibanda: Halafu?

Hajati Zaituni: Halafu picha ikaanza kupungua. Ikawa kama sahani. Ikawa kama shilingi. Ikawa nukta. Ikazima. Betri imekufa na Cameroon wako mbele 2-1. Basi sisi tukatoka barabarani tukacheza. Ngoma, madebe, vigelegele, hata wa Kenya walivuka kuja kucheza nasi. Mpaka alfajiri.

Mwalimu Odongo: Na asubuhi?

Hajati Zaituni: Asubuhi alipita dereva wa lori ametoka Kampala, anasema Uingereza wameshinda 3-2, penalti mbili za Lineker, moja dakika ya 83 na nyingine kwenye muda wa nyongeza. Mume wangu alimwambia aende akalale, amechoka na safari. Mpaka anafariki hakuwahi kukubali. Na pikapu siku ile ilisukumwa na vijana hadi sokoni.

Mzee Rajabu: Mimi nilisukuma hiyo pikapu

Mama Shamim: Kura yangu nahamisha. Cameroon.

Shemeji Wafula: Cameroon.

Boda Okello: Cameroon. Nitaleta abiria wanne.

Mwalimu Odongo: Zambia nimeiahirisha. Cameroon.

Ismail Kibanda: Imepita. Ila stima ya Jumamosi siiamini, nitawasha jenereta. Kiingilio kibaki elfu moja, petroli mnaijua bei yake.

Hajati Zaituni: Hilo ndilo nilitaka kuuliza. Hiyo jenereta utaitia mafuta ya saa ngapi?

Ismail Kibanda: Ya saa tatu, tuingie hadi muda wa nyongeza.

Hajati Zaituni: Tia ya saa moja na nusu.

Ismail Kibanda: Hajati, saa moja na nusu, ukiweka na mapumziko, itazima kama dakika ya 75.

Hajati Zaituni: Na mimi nitakulipa elfu mbili.