Mliowahi kufuga bonsai ya junipa: wenu uliishi misimu mingapi? Tupeane uzoefu

Mchanga wa Pwani
Wakuu, jana nimeviona tena dukani vile vijunipa, miti ya jamii ya misaipresi iliyodumazwa ikabaki midogo kwenye sahani, mawe juu yamegandishwa kwa gundi, kibandiko kinasema eti cha kuweka mezani. Roho imeniuma. Wangu niliununua Minneapolis, Marekani, 2019, nikauweka kando ya kompyuta. Krismasi haikuukuta. Najua humu wenzangu mpo, mwageni.

Kidosho
Hiyo gundi! Maji yanateleza juu, udongo chini mkavu kabisa. Wangu ulikwenda hivyohivyo.

Bw. Koleo
Mti haufugwi, unapandwa. Kinachofugwa ni kuku.

Mchanga wa Pwani
Bw. Koleo, kitu unachokifunga waya kishike umbo na kukinywesha kila asubuhi wewe unakiitaje?

Mtoto wa Raskazone
Mmenikumbusha msiba. Niko Leipzig, Ujerumani, mti wangu ulikuwa na mwaka wa nne. Kiangazi namwagilia hata mara mbili kwa siku, miti mingine ikipukutisha majani nafunga waya, baridi ikija naufukia na chungu chake bustanini, upande usio na upepo, nafunika kwa vipande vya magome. Junipa anaitaka baridi, ndiyo usingizi wake.

Januari 2023 mama akaja kutoka Tanga, mara yake ya kwanza kuona theluji. Narudi zamu ya usiku naukuta mti sebuleni, kando ya hita, chungu kimevishwa kanga. Shikamoo ikanikwama kooni. "Mwanangu, hata kama ni mti, ndiyo uulaze nje na barafu hii?"

Kuutoa joto lile kuurudisha nje nyuzi 10 chini ya sifuri ni kuumaliza. Nikaupeleka stoo ya chini isiyo na hita. Nikitoka kazini, mama kaupandisha. Tukapandishana na kushushana wiki tatu, na yeye anaumwagilia maji ya uvuguvugu.

Februari mama kaondoka, mti kijani. Nikasema labda mama ndiye ajuaye. Machi kijani. Aprili miti ya jirani inachipua, wangu kimya. Nikakwaruza gome kwa kucha: ndani kahawia, kavu kama kuni. Kumbe junipa hufa, majani yakabaki kijani wiki nyingi, hata miezi. Nilikuwa namwagilia maiti. Na kila Jumapili mama kwenye simu: "Mgonjwa wetu hajambo?" Namjibu hajambo. Mpaka leo.

Kidosho
Chungu kimevishwa kanga 😂😂 Jina lake?

Mla Kiburu
Mwambie mama ukweli, mkuu. Uongo wa miaka yote hiyo!

Bw. Koleo
Usithubutu. Nunua mwingine umpigie picha.

Shangazi Limuru
Poleni. Huku kwetu theluji hakuna, nimetumia mtarakwa, junipa wetu wa huku, mche wa kitalu. Shida yangu ni mvua ndefu: maji yakituama chunguni mizizi inaoza. Sasa nachanganya kokoto nyingi, udongo kidogo. Na ncha msizichume zote kwa vidole, mti utadhoofika. Tumia mkasi.

Mla Kiburu
Mimi nachuma kwa vidole mwaka wa sita na uko hai.

Shangazi Limuru
Sawa mwanangu, endelea.

Pweza Mkavu
Mimi kinyume cha wa Leipzig. Desemba wangu uligeuka rangi, zambarau ya kahawia, nikajua basi. Nikautupa na taka. Baadaye jirani ananiambia ni rangi ya baridi tu, machipuko ungerudi kijani. Nilitupa mzima.

Kidosho
Daah. Bora maiti ya mwenzio.

Mchanga wa Pwani
Na mimi nikinunua mwingine, nikirudi Dar niubebe?

Shangazi Limuru
Dar utaukosesha usingizi mwaka mzima. Tafuta mkwaju, unakubali chungu vizuri.

Bw. Koleo
Na ukwaju wa futari humohumo.

Kidosho
Jina la kanga jamani, mbona linafichwa?

Mtoto wa Raskazone
"Mgeni njoo mwenyeji apone."