MREJESHO: Mawese kwenye chakula cha sato, Kasulu

Wakuu, nilikuja kuuliza kama kuwazidishia sato mawese kutawakuza haraka, maana huku Kigoma mawese si kitu cha kutafuta. Wengi mlisema mafuta yabaki kati ya asilimia 5 na 12 ya chakula chote. Nimefuata, nikaanzia chini.

Wamechangamka. Samaki anachoma mafuta kupata nguvu, protini inabaki ya kujenga mwili. Nimepasua mmoja: ini la kahawia iliyokolea, si lile jeupe lenye kuteleza la wale wa mwanzo, na utumbo haujazungukwa na mafuta.

Ila kilichonishughulisha zaidi ni dagaa wa kuchanganya kwenye chakula. Kiroba nilichouziwa, dagaa wake walikuwa wa njano, harufu inakwaruza koo: mafuta yao yamechacha. Mafuta yaliyochacha yanaua vitamini E, yanaumiza ini, na kinga inashuka. Nikakimwaga (mama watoto alinuna, ile ni hela). Sasa nanunua kidogo kidogo, nasaga siku ya kuchanganya. Mafuta ya alizeti nayo nayatia kiasi, yana omega-6 (aina ya mafuta ambayo mwili haujitengenezei) nyingi kuliko mawese, na sato anaihitaji.

Vifo vimepungua, lakini baridi ya Juni haijafika, kwa hiyo kuhusu kinga bado siapi.