Mjadala: Mke wa askari aliyezama na meli ya Khedive Ismail, mwandishi aruhusiwe kumtungia maneno?

Wadau naomba tulijadili hili maana juzi limetugombanisha watu wanne mpaka chai ikapoa mezani. Kuna hizi riwaya za nyakati mbili, sura moja vita ya zamani sura inayofuata mjukuu wa leo anafukua siri za bibi, wanawake na meli na mabomu, mi nazipenda nazisoma mpaka usiku wa manane. Lakini karibu kila ninayoshika bibi ni nesi wa Kizungu na ameacha barua kwenye sanduku.

Sasa chukueni Khedive Ismail, meli iliyobeba wanajeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ilitoka Mombasa Februari 1944 kwenda Colombo, tarehe 12 nyambizi ya Wajapani I-27 ikaipiga topido karibu na Maldivi, dakika mbili hivi ikawa imeshazama. Walikufa watu 1,297. Kati yao wanawake 77, wengi manesi na wasichana wa jeshi la majini la Uingereza, wanawake waliopona ni 6 tu. Na waliokuwa bado wanaogelea, manowari ya Uingereza Petard ilimwaga mabomu palepale walipo kwa sababu nyambizi ilikuwa imejificha chini yao. Hiyo haihitaji kutiwa chumvi.

Ila kundi kubwa kuliko yote humo melini walikuwa vijana wetu, kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, karibu watu elfu moja. Wake zao je? Mama zao?

Mwalimu mmoja wa historia pale mezani akasema usimwekee marehemu maneno mdomoni, watoto watashika ya riwaya wadhani ndivyo ilivyokuwa, kwanza wazee wahojiwe. Hoja nzito, namheshimu. Lakini imepita miaka themanini na ushee, mjane wa 1944 tutamhoji wapi? Tukisubiri makaratasi tutaendelea kuwasoma walioandika barua tu, na yule aliyebaki na jembe na mtoto mgongoni hakuandika.

Mi nasema tukio lisiguswe, tarehe, meli, idadi, nani alipiga nani, yote yabaki yalivyo. Mtu atungwe, asipewe jina la marehemu wa kweli, na mwishoni mwandishi aseme wazi kipi kabuni. Sura ya leo nayo isitegemee sanduku, mjukuu anaweza kuwa na neno moja tu aliloachiwa, babu yako alichukuliwa na bahari, akaanzia hapo. Na huyo mama asifanywe jasiri wa kutisha, yake ni kungoja. Kama ni Mwislamu eda anaihesabu kuanzia siku gani wakati hajui siku aliyokufa mumewe na maiti hakuna aliyeiona? Shemeji akija kutaka kumrithi anajibu nini na mwenyewe hajui kama ni mjane?

Nyie ambao kwenu kuna mzee aliondoka na vita ile hakurudi, mngekubali bibi yenu aandikwe hivyo?